Kodi, Sensa na Kitambaa cha Meza Kuu

Nilipotangaza ofisini kwamba darasa la tano wataanza kujifunza kodi, mwalimu wa hesabu aliweka kikombe chake chini. "Kodi? Kwani wameshafungua biashara?" Nikamweleza kuwa si ile ya TRA, ni kuandika maagizo ya kompyuta, na kwamba roboti yetu itakuwa na sensa mbele. "Kodi na sensa," akawageukia wenzake. "Huyu keshahamia wizarani, hajatuaga tu."

Tangu siku hiyo nikawa nasema msimbo na kihisi. Watoto hawakunifuata. Wao ni kodi tu, mpaka leo.

Kifaa chenyewe hakikuwa cha ajabu. Bodi ya Arduino, yaani kikompyuta kidogo cha kuendeshea vifaa, mota mbili za njano zenye gia za plastiki, betri, kipande cha plaiwudi nilichoomba kwa seremala, na kihisi cha kupimia umbali cha HC-SR04, kile chenye macho mawili kama bundi. Magurudumu mawili nyuma, kimoja kidogo cha kuzungukazunguka mbele. Watoto walipohesabu matatu, jina likajileta: Bajaji.

Siku ya kwanza Bajaji haikwenda mbele, ilikwenda upande. Mota za bei hiyo hazilingani nguvu hata zikitoka pakiti moja. Na mimi kwa kupenda kusimulia nikawaambia walimu wenzangu kuwa Arduino ilizaliwa mjini Ivrea, Italia, mwaka 2005, ikapewa jina la baa waliyokuwa wakikutana waanzilishi wake. Mwalimu wa hesabu akaitazama ikipepesuka kuelekea kabatini. "Ahaa," akasema, "kumbe."

Watoto ndio walioilevua. Kasi ya mota huandikwa kwa namba kati ya 0 na 255. Kushoto wakaiacha 200, kulia wakajaribu 190, ikavuta huku. 180, ikavuta kule. Siku mbili nzima wakiwa wamelala kifudifudi sakafuni na rula, mpaka ikanyooka kwenye 187. Hapo ndipo kuna uhandisi hasa, si kwenye taa za kumetameta: badili kitu kimoja, jaribu, andika, rudia. Na kwenye kuandika nilikuwa mkali kuliko polisi wa barabarani. Daftari la majaribio lilikuwa na safu ya tarehe, ya kilichotokea, na ya mwisho: chanzo cha kosa. Safu hiyo ya mwisho naijaza mimi, kwa wino mwekundu.

Yakaja mahafali ya darasa la saba. Siku hiyohiyo mgeni rasmi angefungua chumba cha kompyuta, na watoto wakaomba Bajaji ndiyo impelekee mkasi wa kukatia utepe. Tukaketi tukapanga masharti ya kazi. Ibebe mkasi kwenye sahani bila kuudondosha. Isimame sentimita 20 mbele ya mgeni. Ipige honi, pii pii. Isubiri sekunde 10 mkasi uchukuliwe, kisha igeuke irudi ilikotoka.

Kuwaelewesha kihisi nikawakumbusha safari yetu ya Mapango ya Amboni. "Mlipopiga kelele mle ndani, nini kiliwajibu?"

"Popo!"

Nilitaka mwangwi, lakini nikakubali, maana popo ndiye fundi wa kwanza wa kazi hii. Kihisi kinapiga sauti ya mitetemo 40,000 kwa sekunde, mara mbili ya inapoishia sikio la binadamu. Sauti ikigonga kitu inarudi, bodi inapima muda wa kwenda na kurudi, inagawa kwa mbili, inazidisha kwa kasi ya sauti, inapata umbali. Tukajaribu kwenye ukuta, ubao, dawati, ndoo, kasha la sabuni. Sentimita 20. 21. 19. Nikajiona nimefika.

Binti wa dawati la mbele akanyoosha kidole. Alikuwa ametoka kuugua homa, kaja na sweta la kaka yake. "Mwalimu, nikiweka sweta haisimami."

Akalining'iniza mbele ya Bajaji, ikalivaa bila hata kupunguza mwendo. Kwenye skrini, umbali ulisomeka zaidi ya mita 6. Yaani kwa Bajaji mbele kulikuwa kweupe, uwanja wa ndege.

"Sasa mwanangu," nikamwambia, "nani atavaa sweta Tanga hii mwezi wa kumi?" Darasa likacheka. Kwenye safu ya mwisho nikaandika: Kosa la mtumiaji.

Siku ya mahafali ukumbi ulipambwa haswa. Meza kuu ilitandikwa satini jeupe, na pembeni kote kazi ya kroshia yenye matundu na mashada ya nyuzi yaliyogusa sakafu. Ilikuwa kazi ya mkono ya mke wa Mwalimu Mkuu, ya miezi mitatu. Nilikisifia kitambaa kile asubuhi ile mimi mwenyewe. Nilisema, "Hiki ni cha Ulaya hiki."

Mgeni rasmi alikuwa mama mtu mzima. Tulipanga asimame katikati ya ukumbi, lakini magoti yalimsumbua, akaomba mkasi aletewe hapohapo alipoketi. Hakuna shida, nikasema. Nikaigeuza Bajaji ikaelekea meza kuu.

Ikaondoka imenyooka kama mstari wa rula. Wazazi wakasimama na simu zao. Ilipofika karibu na meza nikasubiri isimame. Sauti iliyopaswa kurudi, nyingine ilipenya kwenye matundu ya kroshia, nyingine ikamezwa na marinda. Bajaji ikapita mashada kama mtu anayepita pazia la mlangoni kwake, ikapotea.

"Anaingia chini ya meza kuu!" akapaza mshereheshaji. "Anakwenda kukagua! Makofi, wazazi!"

Huko ndani ikakutana na kiatu cha mgeni rasmi, cha ngozi, kigumu, kilichong'arishwa. Ikasimama. Sentimita 20 nina hakika. Ikapiga honi. Mheshimiwa akaruka kidogo, maana mguu mmoja alikuwa ameutoa kiatuni kuupumzisha.

Mimi nikaanza kuhesabu. Sekunde 10 si nyingi ukizitumia kukimbia kati ya wazazi walioketi na watoto wao mapajani. Nilikuwa kwenye nane nilipoteleza, na kwenye kumi Bajaji ilifanya kama ilivyofundishwa: ikageuka ili irudi kwao.

Watu huniuliza kigari cha kilo moja kilivutaje kitambaa kile chote. Kwa magurudumu kisingeweza, yangeteleza. Lakini kilipogeuka, mashada yaliingia kwenye ekseli, yakaanza kujizungusha, na ekseli nyembamba inayosukumwa na gia za moja kwa 48, yaani mota izunguke mara 48 ndipo ekseli izunguke mara moja, polepole lakini kwa nguvu, si gurudumu tena, ni winchi. Satini likaanza kutembea. Polepole, kwa heshima kabisa. Maua ya plastiki yakainama, chupa za maji zikafuatana moja moja, sahani ya korosho ikaja ukingoni, ikafikiri, ikashuka. Mwalimu Mkuu akakumbatia upande wake wa kitambaa kama mtu anayevuta jarife ufukweni.

Niliifikia Bajaji kwa kutambaa. Swichi tulikuwa tumeibandika chini yake, isichezewe na wadogo. Kuigeuza haiwezekani, imefungwa nyuzi mpaka machoni.

Uso wa mgeni rasmi ukatokea chini ya meza. "Mwanangu," akaniambia, na mimi nina miaka 41, "mkasi si huo hapo kwenye sahani?"

Na ulikuwepo, haukudondoka. Sharti la kwanza lilitimia. Kabla sijasema neno akauchukua akaanza kukata. Kroshia ya miezi mitatu, krap, krap. Ukumbi ukapiga makofi kuliko wakati wowote wa sherehe ile.

Mwalimu Mkuu alinisubiri mlangoni, shada moja mkononi. "Mwalimu, ninyi mmeandika kodi. Anayekwenda kuilipa nyumbani ni mimi."

Jumatatu nikafungua daftari la majaribio kujaza. Ukurasa wa sweta ulikuwa na nyongeza. Chini ya wino wangu mwekundu, "Kosa la mtumiaji," mtu ameandika kwa penseli, kwa mwandiko safi wa dawati la mbele: "Mtumiaji ni Mwalimu."