Bima ya kazini au Medicaid? Hesabu ya mshahara mdogo Kentucky

Kila Novemba jirani yangu huja na bahasha. Ni mama wa Uvira, Kongo, mumewe anafanya zamu ya usiku kwenye ghala moja hapa Lexington, na kwa kuwa mimi ni mkalimani wa hospitali, meza yangu ya jikoni imegeuka ofisi yake. Safari hii bahasha ilitoka kazini kwa mumewe. Ndani mlikuwa na kijitabu cha bima chenye picha ya familia inayocheka, na fomu ya kurudisha kabla ya Ijumaa. "Kaka," akasema, "sasa tumepata bima ya kweli. Hii ya serikali tuirudishe."

Bima ya kweli. Nalisikia neno hilo kila mwaka. Kadi ya kazini ni ya mtu aliyejimudu. Kadi ya Medicaid, ile bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ni ya aliyeshuka juzi kwenye ndege. Silidharau wazo hilo hata kidogo. Mtu aliyepanga foleni ya mgao kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka kumi na tano ana haki ya kuchoka na kila kinachonuka msaada. Lakini kijitabu kile nilikifungua moja kwa moja ukurasa wa sita, ambako picha zinakwisha na tarakimu zinaanza, nikamwonyesha mstari mmoja: didaktibo.

Hilo ndilo jina tunaloliita, kwa kuwa Kiswahili chake bado hatujakipata. Ni pesa unayotangulia kutoa mfukoni ndani ya mwaka kabla bima haijaanza kulipa sehemu kubwa ya matibabu. Wengi hutazama makato ya mshahara ya kila wiki tu, wakidhani hiyo ndiyo bei ya bima. Makato ni kiingilio. Kwa mujibu wa utafiti wa mwaka 2025 wa KFF, shirika linalochunguza sera za afya, mfanyakazi wa Marekani mwenye bima ya familia kupitia kazini alichangia wastani wa dola 6,850 kwa mwaka. Gawanya kwa wiki 52, unapata kama dola 132. Kwa mtu anayelipwa dola 21 kwa saa, hizo ni zaidi ya saa sita za zamu kila wiki, awe mgonjwa au mzima. Halafu didaktibo inasubiri: kwa wenye bima ya mtu mmoja iliyo na kipengele hicho, wastani ni dola 1,886, na kwenye kampuni ndogo inapita 2,600.

Nimesimama kando ya watu hapo, kwenye dirisha la malipo. Mgonjwa ana kadi nzuri, daktari ameagiza kipimo, karani anasema kiasi kinachotakiwa. Mimi nakitafsiri. Yeye ananiuliza tena, akidhani nimekosea. Kisha anachukua koti lake. Kwenye vitabu mtu huyo anahesabiwa kuwa ana bima.

Mwenye Medicaid hapa Kentucky hana makato ya wiki wala didaktibo. Watoto wanatibiwa mpaka meno na macho, na asiye na gari anaweza kuombewa usafiri wa kumfikisha kliniki. Mwaka 2008 jimbo la Oregon lilipokuwa na nafasi chache za Medicaid, lilipiga kura ya bahati nasibu, na watafiti wakapata fursa adimu ya kulinganisha waliopata na waliokosa. Shinikizo la damu na kolesteroli havikubadilika kiasi cha kujivunia, na wapinzani wa Medicaid hawachoki kulirudia hilo. Ila sonona ilipungua, na yale madeni makubwa ya hospitali yanayovunja nyumba yakakaribia kutoweka. Kwa mtu wa ghalani, hilo la pili si dogo.

Kuna kosa moja linalowagharimu watu wetu kuliko yote: wanaamini kwamba kazi ikileta bima, lazima Medicaid waiache. Si kweli. Kwa mtu mzima wa umri wa kazi, kinachotazamwa ni kipato na ukubwa wa familia. Kwa viwango vya 2025, familia ya watu wanne hapa ilikuwa ndani ya Medicaid mpaka dola 44,367 kwa mwaka, iwe mwajiri ametoa bima au hakutoa. Unaweza hata kuwa na zote mbili. Ya kazini inalipa kwanza, Medicaid inafuata. Kentucky ina mpango uitwao KI-HIPP, unaokurudishia makato ya bima ya kazini pale jimbo linapoona ni nafuu kwake. Kanuni wanayoichanganya nayo ni ya soko la bima la serikali, ambako mtu hujinunulia bima mwenyewe: huko, bima ya mwajiri ikihesabiwa kuwa nafuu, unanyimwa ruzuku. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Na hofu ya "tukikataa sasa mlango utafungwa" nayo inapungua ukijua kwamba anayepoteza Medicaid ana siku 60 za kuomba kuingizwa kwenye bima ya kazini, hata kama msimu wa kujiandikisha umekwisha.

Hata hivyo jirani yangu na mumewe hawakuwa wajinga kuitaka kadi ya kazini. Madaktari wanaokubali wagonjwa wapya wa Medicaid ni wachache kuliko wanaokubali bima binafsi, na kwa bingwa wa ngozi au mifupa unaweza kusubiri mpaka usahau ulichokuwa unaumwa. Barua za kuhuisha Medicaid nazo ni mtihani. Tangu Aprili 2023, majimbo yalipoanza kupitia majina upya baada ya korona, watu zaidi ya milioni 25 waliondolewa, wengi wao kwa sababu ya makaratasi tu: anwani ya zamani, fomu isiyorudi. Kadi ya kazini haikuandikii barua ya Kiingereza kizito kila mwaka. Ila inakufa ukiachishwa kazi, na anayebeba maboksi usiku huachishwa kazi mara nyingi akiwa ndiyo kwanza ameumia mgongo.

Ugumu wenyewe uko kwenye ule mpaka, uliokuwa 44,367 mwaka 2025. Mwenye dola 21 kwa saa anapata 43,680 kwa mwaka. Bosi akimpandisha hadi 22, anafika 45,760. Ameongezwa dola 2,080 kabla ya kodi, na yeye na mkewe wametoka Medicaid. Watoto hubaki, maana kwao mpaka uko juu zaidi, kwa hiyo hatalipa bei kamili ya familia. Lakini makato ya watu wawili pamoja na didaktibo yanaweza kuila ile nyongeza yote. Medicaid hutazama kipato cha mwezi, basi hata ovataimu ya Desemba inaweza kuzua maswali. Nawajua wanaume wanaoikwepa ovataimu, na wasimamizi wao wanawaita wavivu.

Kuhusu aibu, nitasema hili tu. Tangu sheria ya kodi ya 1954, mchango wa mwajiri kwenye bima hautozwi kodi ya mapato. Serikali inaiachia kodi hiyo kila mwaka, na anayenufaika zaidi ni mwenye mshahara mkubwa. Huyo naye anakula mkononi mwa serikali, isipokuwa hajazi fomu wala haulizwi ana watoto wangapi.

Kinachonifanya nisimalize shauri mapema ni sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025. Kuanzia Oktoba 1, 2026, hadhi ya ukimbizi peke yake haitatosha tena kwa Medicaid. Wenye grinkadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, hawamo katika katazo hilo. Na kufikia Januari 1, 2027, watu wazima wengi wenye Medicaid watatakiwa kuthibitisha saa 80 za kazi kwa mwezi, ingawa mzazi wa mtoto wa miaka 13 au chini amesamehewa.

Kwa hiyo swali nililomuuliza mama wa Uvira halikuhusu kijitabu. Nilimuuliza grinkadi zao zimefika wapi. Yake ilikuwa mkobani. Ya mumewe ilikuwa bado; yeye alikuwa na hadhi ya ukimbizi tu. Tukaandika jina la mume peke yake kwenye fomu ya kazini, na namba ya simu ya ofisi ya KI-HIPP nyuma ya bahasha.