Silver Fox katika filamu: ushahidi au tangazo?

Elizabethan Express ni filamu ya dakika zipatazo 20 iliyotolewa mwaka 1954 na British Transport Films, kitengo cha filamu cha shirika la umma lililosimamia reli za Uingereza baada ya kutaifishwa mwaka 1948. Inafuata safari moja ya gari moshi lililovutwa na injini iitwayo Silver Fox, kutoka London hadi Edinburgh, kilomita zipatazo 632 kwa saa sita na nusu, bila kusimama kituo chochote. Treni hiyo ilipewa jina lake, The Elizabethan, mwaka 1953, Malkia Elizabeth II alipotawazwa. Je, filamu iliyotengenezwa na mwenye treni ili kuisifu treni yake inaweza kupokewa kama ushahidi?

Wanaoikataa wana hoja nzito. Hakuna anayechelewa, hakuna anayelalamika, na masizi hayamwingii abiria machoni. Maelezo yote yametungwa kwa vina, na hapo hata mimi, niliyelelewa na vina na mizani, huchoka: mtunzi analazimisha utani hata pale ambapo picha ingetosha peke yake. Zaidi ya hayo, mwanzoni mwa mwaka 1955 ulitangazwa mpango wa kuziboresha reli hizo, ambao ndani yake injini za mvuke zilikuwa ziondolewe. Mtazamaji wa filamu hii hapati dokezo lolote kwamba fahari anayoonyeshwa imekaribia ukingoni.

Hata hivyo, tangazo huficha mambo kwa maneno zaidi kuliko linavyoweza kuyaficha kwa picha, na kamera iliyopanda kwenye kichwa cha treni imetuachia jambo ambalo washairi wake hawakulipa uzito. Safari ya saa sita na nusu ilikuwa ndefu mno kwa dereva mmoja na mtia makaa mmoja, lakini treni haikuruhusiwa kusimama. Kwa hiyo wafanyakazi wa zamu ya pili walipanda London kama abiria, na katikati ya safari wakapita kwenye ujia uliotobolewa ubavuni mwa behewa la makaa na maji, ujia mwembamba ambao mtu mzima huupita kwa kuinama, huku mwendo ukiendelea. Wanatokea upande wa pili penye joto la tanuri, wanapokezana beleshi na wenzao, na wale waliochoka wanarudi nyuma kwa njia ile ile. Maji nayo yalichotwa njiani kwa kata ya chuma iliyoshushwa kwenye mifereji iliyolazwa katikati ya reli. Mambo hayo yalikuwa kazi ya kila siku, na kuigiza mbele ya kamera hakuyafanyi kuwa ya uongo.

Kwa maoni yangu, basi, filamu hii ni shahidi mbaya wa hali ya shirika na shahidi mzuri wa kazi ya mikono. Anayetaka kujua kama reli za Uingereza zilikuwa zikiendeshwa vyema mwaka 1954 atafute hesabu zao. Anayetaka kujua mtia makaa alisimamaje, alitupaje makaa na alimtazamaje dereva wake, apunguze sauti ya mashairi na aangalie. (Sisi tunaoendelea kusema gari moshi hata pale ambapo moshi umekwisha tuna sababu ya ziada ya kuangalia.)

Mvuke uliondolewa kwenye treni hiyo mwaka 1961. Injini za dizeli zilizofuata zilikuwa na nguvu zaidi, lakini hazikuwa na ule ujia, na ikabidi treni isimame Newcastle ili madereva wabadilishane. Silver Fox, injini ya mwaka 1935 inayoonekana katika filamu, ilistaafishwa mwaka 1963 ikakatwa kuwa chuma chakavu. Kati ya injini 35 za aina yake zimehifadhiwa 6, nayo haimo.