Amri ya Jumatatu itakwama Likoni

Makala kuhusu kuwarudisha ofisini wafanyakazi wanaofanyia kazi nyumbani inashauri wakurugenzi watoe amri moja: wote ofisini Jumatatu. Hapa Mombasa, jamani, anayetoka Ukunda hupanda matatu, huvuka kwa feri ya Likoni, kisha hutafuta gari lingine. Mpeni notisi ya wiki sita, na aruhusiwe kuingia saa nne, foleni ikishapungua.

Siku za ofisini ziwe zile zile kwa timu nzima. Zikitofautiana, mtu atavuka maji aje kuvaa spika za masikioni, azungumze kwa video na mwenzake aliyebaki nyumbani. Hilo ndilo linalowakera watu hasa.

Na mkataba ukitaja nyumbani kuwa mahali pa kazi, kifungu cha 10 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataka mashauriano, kisha mabadiliko kwa maandishi.