Kichwa kimoja, kofia kumi na tano

Muulize Mkenya kwa nini tarehe 12 Desemba inaitwa Sikukuu ya Jamhuri, na huenda akakujibu kwamba ndiyo siku tuliyomtoa mkoloni. Ni kweli, ila nusu tu. Mkoloni aliondoka 1963. Jamhuri ilikuja 12 Desemba 1964, na katika mwaka huo mzima wa katikati Kenya ilikuwa nchi huru yenye malkia, Elizabeth II, akiwakilishwa Nairobi na Gavana Mkuu Malcolm MacDonald. Tanganyika nayo ilikaa hivyo mwaka mmoja kuanzia 9 Desemba 1961. Ndiyo, Mwalimu alianza akiwa Waziri Mkuu wa Malkia.

Sisi tulionja mwaka mmoja. Wengine wangali mezani. Charles III ni mkuu wa nchi 15, kuanzia Kanada na Australia hadi Jamaika na Tuvalu. Kisheria huo si ufalme mmoja: Jamaika ina ufalme wake, Kanada wake, na kila mahali Charles anasikiliza mawaziri wa hapo.

Kwenye karatasi inaeleweka. Yakitokea mambo, inachekesha. Septemba 1939 Uingereza ilitangaza vita dhidi ya Ujerumani tarehe 3, Kanada tarehe 10, kwa hiyo kwa wiki nzima Mfalme George VI, babake Elizabeth, alikuwa vitani na pia hayumo vitani. Mwaka 1947 India na Pakistan zilipopigania Kashmir, mfalme wa pande zote mbili alikuwa ni yeye yule. Halafu Grenada, Oktoba 1983: Marekani ilivamia kisiwa cha Malkia huku serikali yake ya London ikipinga, na askari wa Jamaika na Barbados, nchi zake pia, wakiwa upande wa wavamizi. Sijui alikunywa chai na nani siku hiyo.

Lakini mimi mfalme hanisumbui sana. Wa kumtazama ni Gavana Mkuu. Novemba 1975, John Kerr alimfukuza kazi Waziri Mkuu wa Australia, Gough Whitlam, aliyechaguliwa na wananchi. Na Whitlam ndiye aliyempendekeza Kerr apewe cheo hicho!

Hata hivyo Waaustralia walipoulizwa 1999 walikataa jamhuri, kwa sababu, pamoja na mengine, waliotaka rais hawakukubaliana achaguliwe vipi. Nilikuwa nawacheka. Siku hizi naona walishika swali lenyewe, lile ambalo sisi tulilipita mbio. Barbados ilipojitoa 30 Novemba 2021, Gavana Mkuu Sandra Mason aligeuka rais, Waziri Mkuu Mia Mottley akaendelea kuongoza serikali, na nafasi ya mfalme ikabaki ndogo vilevile ilivyokuwa.

Kwetu haikubaki ndogo. Kenya ya 1964 ilichukua kiti cha Malkia na kiti cha Waziri Mkuu ikavigeuza kiti kimoja, akakalia Mzee Kenyatta. Tanganyika ilikuwa imekwisha kufanya hivyo miaka miwili kabla. Cheo cha Waziri Mkuu hakikuonekana tena Kenya hadi 2008, na kilirudishwa baada ya watu zaidi ya elfu moja kuuawa kwa kugombania hicho kiti kimoja.