Shule ya Wayahudi wa London na karo za Mombasa

Kila nikipiga simu Mombasa lazima nisikie habari ya karo za hizi shule zinazochanganya masomo ya kawaida na dini. Asiyeziweza anabaki na mtindo tuliokulia sisi: asubuhi shule, alasiri madrasa, mtoto anasinzia juu ya juzuu. Huku Uingereza nimekuta shule za dini ambazo mzazi halipi karo, na mishahara ya walimu inatoka serikalini. Ziko za Wakatoliki, ziko za Waislamu. Moja ya Wayahudi ni JFS (kirefu chake Jews' Free School, yaani shule ya bure ya Wayahudi), huko Kenton, kaskazini-magharibi mwa London. Ukipita asubuhi utaona walinzi langoni kabla hujawaona wanafunzi.

Ilianza mwaka 1732 kama darasa la watoto maskini lililosimamiwa na Sinagogi Kuu, nyumba ya ibada ya Wayahudi wa London. Mwaka 1822 ikahamia Bell Lane, mtaa wa Spitalfields, na kufikia 1900 ilikuwa na watoto zaidi ya 4,000, miongoni mwa shule kubwa kabisa duniani. Wengi walikuwa watoto wa mafundi cherehani na wachuuzi, watu waliokimbia dhiki na mateso katika himaya ya Urusi. Familia ya Rothschild, Wayahudi matajiri wenye benki, ilitoa fedha za shule, na wanafunzi wakapewa hata nguo na viatu. Waliotangulia kufika ndio waliowabeba waliofuata. Sisi Waafrika Mashariki wa huku tukifiwa, mchango wa kusafirisha maiti unajaa ndani ya siku mbili, mashallah. Lakini taja kukodi ukumbi Jumamosi watoto wafundishwe Kiswahili, kundi zima la WhatsApp linanyamaza.

Hata hivyo, wema wa Bell Lane ulikuwa na masharti. Moses Angel, mwalimu mkuu tangu 1842 kwa zaidi ya nusu karne, alitaka watoto wageuke Waingereza kamili, na Kiyidishi cha mama zao hakikutakiwa. Wenye nafasi waliwaonea haya ndugu zao waliotoka melini na mabunda. Mkenya yeyote aliyewahi kuvishwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya kwao anaelewa. Hapo siwapi hongera hata kidogo.

Mabomu ya Vita vya Pili yaliibomoa. Ikafunguliwa tena Camden mwaka 1958, safari hii kwa msaada wa serikali, na mwaka 2002 ikahamia Kenton. Kwetu pia wazazi walijenga madarasa kwa harambee, kisha serikali ikaleta walimu, ila shule ikishachukuliwa, waliochanga hawakuwa tena na sauti kubwa. JFS ilibaki mikononi mwa wenyewe. Au niseme, karibu yote. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Uingereza, majaji 5 dhidi ya 4, iliamua kwamba kumnyima mtoto nafasi kwa sababu mama yake aliingia Uyahudi kwa njia wasiyoitambua marabi wa Kiothodoksi, yaani viongozi wa dini wa Wayahudi wanaoshika sheria za kale, ni ubaguzi wa asili. Ikabidi shule, katika kugawa nafasi, ianze kuangalia nani anahudhuria sinagogi badala ya mama ni nani.

Wapo waliolalamika kwamba mahakama imeingia mambo ya dini. Mimi naona ukipokea pesa ya umma, umma una haki ya kukuuliza. Mkataba wa namna hiyo ungeletwa Mombasa, wazazi wangeukimbilia. Wenye shule sidhani, maana leo mtoto anarudishwa nyumbani kwa karo ya muhula mmoja na hakuna jaji anayewauliza kitu.