Mkwaju Uliompinda Mpigaji

Gongo la hoki ya barafu nililoazimwa lilikuwa limeandikwa 110 ubavuni mwa mpini, na namba hiyo ndiyo inayofanya yote nitakayosimulia yawe halali kabisa kisayansi. Haikuwa bei wala urefu, bali kipimo cha ukakamavu: mpini huo ukiegemezwa ncha zake mbili, huhitaji kani ya ratili 110, yaani uzito wa kilo 50 hivi, ili ubonyee katikati kwa inchi moja tu. Mwenye gongo alikuwa fundi ujenzi mwenye mabega ya kubebea nguzo. Mimi nina kilo 58, na hapo nimejumlisha koti.

Nilikuwa Ottawa, Kanada, kwa masomo, baada ya kufundisha fizikia katika shule ya sekondari Morogoro, na jioni moja ya Februari wenzangu walinialika kwenye kiwanja cha mtaa, ambacho huko hutengenezwa kwa kumwagia maji uwanja wa bustani na kuyaacha yagande. Kusimama juu ya viatu vya barafu nilikuwa nimekwishajua, na kwenda mbele pia. Kazi ya kunisimamisha niliiachia mbao za pembeni, ambazo hazikuwahi kuniangusha kwa maana ya kukosekana pale nilipozihitaji.

Walipokuwa wakipiga mikwaju kwa zamu, ile mikali wanayoiita slapshoti, niliomba nafasi. Lakini mwalimu hapigi kitu kabla ya kukieleza, kwa hiyo nilianza kwa kuwakumbusha kwamba katika jiji hilohilo, mwaka 2012, mchezaji Zdeno Chara wa Slovakia alipiga mkwaju wa kilomita 175.1 kwa saa katika mashindano ya ustadi ya NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini. Kile kisahani cha raba ngumu, kinachopigwa badala ya mpira, huwa na uzito wa gramu 170 hivi, na kwa mwendo huo hubeba nishati ya takriban jouli 200, ambayo ingetosha kuinua mfuko wa saruji wa kilo 50 hadi karibu na usawa wa goti kwa nukta moja ya hasira.

“Mwalimu, we piga tu, baridi inatumaliza,” alisema golikipa wetu, kijana wa Bukavu, ambaye alikuwa amekwishainama langoni.

Nilimsihi avumilie, kwa sababu sehemu tamu ilikuwa bado. Asiyejua hudhani kwamba mpigaji hulenga kisahani, ilhali bapa la gongo hutakiwa kugonga barafu kwanza, shubiri moja au zaidi kidogo nyuma ya kisahani. Barafu haisogei, lakini mikono na uzito wa mwili huendelea kwenda mbele, kwa hiyo mpini hupinda na kuhifadhi nishati. Bapa linapokifikia kisahani, mpini nao unajinyoosha kwa ghafla, na mwendo huo wa kujinyoosha hujumlishwa kwenye mwendo wa mikono. Ndiyo maana Chara, mwenye urefu wa mita 2.06 na zaidi ya kilo 100, aliweza kutumia gongo gumu kuliko la watu wengi na bado akalipinda. Hakuna aliyepinga maelezo yangu, na hadi leo hakuna aliyeyapinga.

Nikashusha mkono wa chini hadi karibu katikati ya mpini, nikanyanyua gongo nyuma mpaka juu ya bega, nikazungusha kiwiliwili kwa nguvu zote za mshahara wa serikali.

Hapa yafaa kutaja tabia ya visu vya viatu vya barafu. Kwa urefu wake kisu hakina msuguano wa kutajika, na mpigaji hupata mahali pa kujisukumia pale tu anapokilaza kidogo ili ukingo wa ndani wa mguu wa nyuma uume barafu. Vya kwangu vilikuwa vimesimama wima kwa heshima kubwa. Kwa kuwa momenta ya mzunguko lazima ihifadhiwe, kiwiliwili kilipoondoka kuelekea kushoto, miguu iliondoka kuelekea kulia, kila upande ukitimiza wajibu wake.

Katika hali hiyo bapa liligonga barafu mapema, hatua nzima nyuma ya kisahani. Mpini ulipima uzito ulioletwa, ukalinganisha na ile 110, ukakataa kupinda. Nishati, kama inavyofahamika, haipotei. Ilitafuta kitu laini zaidi cha kupinda, nacho kilikuwa mimi. Ncha ya juu ya mpini iliniingia chini ya mbavu, nikakunjika sawasawa na nadharia, kisha nikakaa kwenye barafu kwa kishindo, huku miguu ikiendelea na safari yake. Kisigino cha kulia ndicho kilichokigusa kisahani.

Mkwaju wa Chara ungemaliza mita 20 kwa muda usiofika nusu sekunde. Wa kwangu uliwapa watu nafasi ya kucheka, kupumzika na kuanza upya. Golikipa alikuwa ameshika mwamba wa goli kwa mkono mmoja na tumbo kwa mkono mwingine, magoti yakiwa yameachana, na kisahani, kwa kuwa barafu haikukipa sababu ya maana ya kusimama, kikapita katikati ya miguu yake na kuvuka mstari.

Ndipo ugomvi ulipozuka. Kanuni za NHL hukataa bao lililofungwa kwa teke la dhahiri, lakini hulikubali ikiwa kisahani kimegonga tu kiatu na kubadili mwelekeo. Nikiwa bado chali, nilitetea hoja kwamba teke huhitaji nia. Mwenye gongo, ambaye kwa umri alikuwa ndiye mwamuzi, alimuuliza golikipa, maana ndiye aliyekuwa ananitazama usoni.

Golikipa akafuta machozi, akamjibu kwa Kiingereza, kisha akanitafsiria ili nisiseme nimeonewa: “Nimemwambia nilikuwa naangalia vizuri, Mwalimu. Ile miguu haikuwa ya mtu.”

Bao likahesabiwa.