Kwenda wilayani kufuata sahihi moja

Jamani hii safari ya wilayani Liwale, huku kwetu Lindi, kufuata sahihi moja imenichosha. Juzi nimetoka kijijini alfajiri na bodaboda, mvua imenyesha usiku kucha, tope mpaka kwenye magoti, tumeshuka kusukuma mara nne, elfu thelathini imeondoka kwenda tu, nafika mjini saa sita naambiwa mwenye kugonga mhuri yuko kikaoni njoo kesho. Kesho! Nilale wapi mimi na mtoto mgongoni?

Mtendaji wa kijiji tunaye, wa kata yupo, diwani tumemchagua, kwa nini karatasi ndogo vile ya kugongwa mhuri isiishie hukohuko kwenye kata?

Halafu ukilalamikia barabara unajibiwa nyie wachache. Sensa ya 2022 mkoa mzima wa Lindi tulikuwa watu 1,194,028 kwenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 60,000, kweli tumetawanyika, lakini korosho na ufuta wetu ushuru unakatwa kila msimu, hapo hakuna anayesema ni wachache. Na masika hii njia ya kwenda Nachingwea, wilaya jirani, ikishakatika mgonjwa wa rufaa anapita wapi?